Mgeni njoo, mwenyeji apone? Bakteria wa utumboni na maradhi ya kuhara

Kumwambukiza panya mzima Salmonella, bakteria wa kuhara, kwa njia ya mdomo si kazi rahisi. Marjorie Bohnhoff na C. Phillip Miller, waliokuwa wakifanya utafiti Chicago katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliona kwamba ili nusu ya panya washikwe, kila mmoja ilibidi alishwe bakteria wapatao 100,000. Wakawapa panya wengine dozi moja ya streptomaisini, kisha wakawalisha Salmonella aliye sugu kwa dawa hiyo. Safari hii bakteria wasiofika kumi walitosha. Panya ni walewale, adui ni yuleyule, chakula hakikubadilika. Dawa tu ndiyo iliyokuwa imewafagia wakazi wa utumbo, na mgeni akakuta vyumba vitupu.

Mwaka 1971 Mholanzi Dirk van der Waaij na wenzake waliipa hali hii jina la kitaalamu, ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita ukinzani wa makazi: waliokwisha kukaa humzuia anayetaka kuhamia. Wazo hilo ndilo mzizi wa karibu kila unachosikia leo kuhusu bakteria wazuri wa tumboni. Ndilo lililozaa tiba ya kupandikiza kinyesi, ndilo linalouza vichupa vya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, na ndilo linalotajwa kila mtu anapoonywa asinywe antibiotiki ovyo.

Wanasayansi, hata hivyo, hawaliimbi kwa sauti moja. Wako wanaosema kwamba baada ya karne nzima ya kuua vijidudu, sasa tutatibu maambukizi ya utumbo kwa kupanda vijidudu. Wako pia wanaosema kwamba ukiondoa panya na matangazo ya biashara, kinachobaki ni kidogo. Nimesoma hoja za pande zote mbili na naona ugomvi mwingi unatokana na kuchanganya nyumba za aina mbili. Ipo nyumba iliyobomolewa, au ambayo haijapata wapangaji bado. Humo bakteria wa kupandwa wana kazi ya kufanya. Na ipo nyumba iliyojaa watu ambayo imevamiwa na jambazi mwenye nguvu. Humo kuongeza mpangaji mmoja hakusaidii kitu.

Kwanza tusahihishe hesabu moja. Inasemwa mara kwa mara kwamba bakteria wa mwilini ni mara kumi ya seli zetu. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walikaa chini wakapiga hesabu upya. Kwa mwanamume wa kilo 70 walipata bakteria kama trilioni 38 na seli za mwili kama trilioni 30. Karibu sawa kwa sawa, na uzito wa bakteria wote ni gramu 200 hivi. Bado ni umati mkubwa, na karibu wote wamo katika utumbo mpana.

Umati huo humzuiaje mgeni? Jibu la zamani lilikuwa kwamba wanamtilia sumu. Ni kweli kwa sehemu, lakini tafiti za karibuni zinaelekeza zaidi kwenye jambo la kawaida kabisa, nalo ni chakula. Kundi la Kevin Foster wa Oxford lilichapisha mwaka 2023, katika jarida la Science, jaribio ninalolipenda kwa usahili wake. Walichukua aina 100 za bakteria wanaoishi katika utumbo wa binadamu, wakampambanisha kila mmoja peke yake na maadui wawili, Klebsiella pneumoniae na Salmonella. Mmojammoja, hata yule bora alikuwa dhaifu. Wakaanza kuwachanganya, wawili, watano, kumi, hadi hamsini, na kadiri mchanganyiko ulivyoongezeka ndivyo adui alivyodumaa. Sababu ni kwamba kundi kubwa lenye ndugu wa karibu wa adui humaliza vyakula vyote ambavyo adui angevila. Aliyejitokeza kuwa nguzo ni E. coli wa kawaida, yule tuliyezoea kumsikia akilaumiwa. Peke yake hana maana, ila ukimtoa kwenye kundi, pengo linaonekana mara moja.

Mwaka uliofuata, timu ya mtafiti aitwaye Kenya Honda, wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, ilifika pahala hapohapo kwa njia nyingine. Walichambua kinyesi cha watu wenye afya, wakabaki na aina 18 ambazo zikikaa pamoja huwapunguza panya Klebsiella na E. coli sugu. Silaha mojawapo waliyoitambua ni ugombeaji wa glukoneti, aina ya sukari iliyobadilishwa kidogo, ambayo maadui hao huitegemea.

Zipo kinga nyingine. Bakteria wa jamii ya Clostridia huchachusha nyuzinyuzi za vyakula na kutoa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana huichoma butireti hiyo kama kuni, na katika kuichoma hutumia oksijeni nyingi, hivi kwamba ndani ya utumbo hakuna hewa ya kumfaa Salmonella. Ukiwaua Clostridia kwa dawa, seli hubadili namna ya kula, oksijeni inavuja ndani, na Salmonella anapumua. Kwa Clostridioides difficile, bakteria wa kuhara anayefuata antibiotiki, kinga ni ya nyongo. Mbegu zake zilizolala huamshwa na chumvi za nyongo kama zinavyotoka kwenye ini. Bakteria mmoja aitwaye Clostridium scindens huzigeuza chumvi hizo kuwa aina nyingine inayomzuia C. difficile asikue, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2015.

Lakini adui naye hakulala. Wakazi wa utumbo hutoa salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu, na ukuta wa utumbo huipunguza sumu kwa kuigeuza kuwa thiosalfeti. Salmonella anapoingia huchokoza makusudi ukuta uvimbe. Seli za kinga zinakuja na kumwaga kemikali kali, kemikali hizo zinaigeuza thiosalfeti kuwa tetrathioneti, na tetrathioneti ndiyo Salmonella anayoitumia mahali pa oksijeni. Sebastian Winter na Andreas Bäumler walilieleza hili mwaka 2010. Yaani anauchoma mtaa ili aote moto wake. Anayefanya hivyo hatishwi na jirani mmoja aliyeletwa kwenye kidonge, na jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwa watoto.

Tuanze na nyumba iliyobomoka, kwa sababu hapo ushahidi ni mnene. C. difficile kwa kawaida humkumba mtu aliyekuwa hospitalini akinywa antibiotiki kwa ugonjwa mwingine. Anaharisha, anatibiwa kwa antibiotiki nyingine, anapata nafuu, kisha ugonjwa unarudi, na kwa wengine unarudi tena na tena. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Ben Eiseman wa Denver aliwapa wagonjwa wanne wenye uvimbe mkali wa utumbo kinyesi cha watu wenye afya kwa njia ya enema, yaani kupitia njia ya haja kubwa, wakapona. Jambo lile lilikaa kama kioja kwa zaidi ya miaka 50, hadi mwaka 2013 jaribio la Amsterdam lilipochapishwa.

Wagonjwa wa jaribio lile walikuwa wa ugonjwa uliorudi. Walipewa antibiotiki ya vankomaisini kwa siku chache, wakasafishwa utumbo, kisha kinyesi cha mchangiaji kilichokorogwa na kuchujwa kikapitishwa kwenye mpira mwembamba kutoka puani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Katika 16 waliopandikizwa, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Katika 13 waliopewa vankomaisini peke yake walipona 4, na kundi la vankomaisini pamoja na kusafishwa utumbo walipona 3 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, maana kuendelea kuwanyima wengine tiba ile kulianza kuonekana kama dhuluma. Ni nadra kwa uwanja huu kutoa tofauti inayoonekana kwa macho bila kuhitaji mtakwimu.

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Novemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha bidhaa ya kwanza ya kinyesi ya kupitishwa kwa njia ya haja kubwa. Aprili 2023 ikaidhinisha vidonge vyenye mbegu za bakteria zilizosafishwa, ambavyo mgonjwa humeza vinne kwa siku kwa siku tatu. Katika jaribio la vidonge hivyo lililowahusisha wagonjwa 182, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 12 ya waliopewa dawa ndani ya wiki nane, na asilimia 40 ya waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Hapa ndipo wenye mashaka hupandisha sauti, nao wana haki. Juni 2019 FDA ilitangaza kwamba wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipandikizwa kinyesi cha mchangiaji mmoja, wakapata maambukizi ya E. coli sugu aliyekuwamo ndani yake. Mmoja alifariki. Kinyesi kile hakikuwa kimepimwa usugu wa aina hiyo kabla ya kutumika. Kinyesi si kama dawa ya kiwandani unayoijua kila kilichomo. Unapima unachokijua, na usichokijua kinapita. Nakubaliana na mashaka hayo, ila sikubali yatumike kuifuta tiba. Damu nayo ilipitia njia hiyohiyo kabla ya kupimwa ipasavyo, na hatukuacha kuongezana damu. Vidonge vya mbegu zilizosafishwa ni hatua ya kukimbia tatizo hili. Mchanganyiko wa aina 18 wa Honda, utakapofika kwa binadamu, utakuwa hatua ya mbele zaidi, kwa sababu kila aliyemo anajulikana kwa jina.

Sasa twende kwenye nyumba ya pili. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), kuhara huua watoto wapatao 443,832 wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Kama bakteria wazuri wangekuwa tiba ya kuhara, hapa ndipo tungeona faida yake.

Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa yalichapishwa siku moja katika New England Journal of Medicine. La Marekani lilihusisha watoto 971 wa umri wa miezi mitatu hadi miaka minne waliofikishwa idara za dharura wakitapika na kuharisha. Nusu walipewa Lactobacillus rhamnosus GG, bakteria aliyechunguzwa kuliko karibu probiotiki nyingine zote, na nusu wakapewa unga usio na kitu. Waliozidiwa katika siku 14 zilizofuata walikuwa asilimia 11.8 upande wa bakteria na 12.6 upande wa pili. Muda wa kuharisha ulikuwa saa 49.7 dhidi ya 50.9. La Kanada, lenye watoto 886 na mchanganyiko wa bakteria wawili, lilitoa asilimia 26.1 dhidi ya 24.7, na namba kubwa ilikuwa upande wa waliopewa bakteria. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 82 na watu 12,127, yalihitimisha kwamba kwa kuhara kwa ghafla probiotiki huenda hazileti tofauti yoyote ya maana.

Watetezi hujibu kwamba aina iliyotumika haikuwa sahihi, au dozi, au saa ya kuanza. Siwezi kusema hoja hiyo ni ya uongo, maana bakteria mmoja si sawa na mwenzake. Lakini ni hoja isiyo na mwisho: kila jaribio likishindwa unaweza kutaja aina nyingine ambayo haijajaribiwa. Mimi naona maelezo yaliyo rahisi zaidi ndiyo ya nyumba. Mtoto mwenye rotavirusi au Shigella hakuugua kwa kukosa bakteria. Alikuwa nao trilioni kadhaa, na mvamizi akapita juu yao.

Chukua kichupa chochote cha probiotiki ukisome. Mbele kuna namba kubwa, tuseme bilioni kumi. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna jina la bakteria mmoja au watatu, mara nyingi wa ukoo wa Lactobacillus, ambao katika utumbo mpana wa mtu mzima ni wachache mno. Bilioni kumi zinatisha mpaka ugawe trilioni 38 kwa hizo. Unapata mgeni mmoja kwa kila wenyeji 3,800. Na tayari Foster ametuonyesha kwamba mmojammoja hawana ubavu.

Kinachomwua mtoto anayeharisha ni upungufu wa maji na chumvi, na dawa yake inajulikana: maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Haina uzuri wa kuandikiwa makala ndefu, na labda ndiyo maana haiandikwi.

Ila kuna jaribio moja linalozuia mlango usifungwe. Katika vijiji vya Odisha, India, Pinaki Panigrahi na wenzake waliwapa watoto wachanga 4,556 ama Lactobacillus plantarum pamoja na sukari inayomlisha, ama unga usio na kitu, kwa siku saba kuanzia siku chache baada ya kuzaliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika jarida la Nature. Waliopata maambukizi makali ya mwili au kufariki katika miezi miwili ya mwanzo walikuwa asilimia 9.0 kwa unga mtupu na asilimia 5.4 kwa bakteria. Tofauti hiyo ni kubwa, ya bakteria mmoja tu, wa ukoo uleule ninaoudharau. Kwa nini afaulu hapa na ndugu zake washindwe kule? Mtoto wa siku tatu utumbo wake bado una vyumba vitupu, na anayefika kwanza huchagua chumba. Hayo ni maelezo yangu, si yao, na yatakuwa na nguvu zaidi matokeo yale yakirudiwa kwingine.

Kwa watoto njiti hata taasisi kubwa hazijapatana. Mwaka 2022 WHO ilisema probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 na wanaolishwa maziwa ya binadamu, kwa kuwa majaribio mengi yanaonyesha hupunguza ugonjwa hatari wa kuoza kwa utumbo. Mwaka 2023 FDA ikatoa onyo dhidi ya kuwapa njiti bidhaa hizo hospitalini, baada ya mtoto mmoja kufariki kwa maambukizi ya damu yaliyoletwa na bakteria yuleyule aliyepewa. Wote wawili wanasema kweli. Nyumba ya njiti ni tupu, kwa hiyo mgeni anafaa. Ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo mgeni anaweza kuupenya. Bishano hapa ni la ni hatari ipi iliyo kubwa zaidi, na madaktari bado wanabishana.

Mpaka sasa nimeongea kana kwamba wakazi wa utumbo daima wako upande wetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na maabara zimeanza kuwaunga mkono.

Tuangalie yai la mnyoo mjeledi wa panya, Trichuris muris, ndugu wa yule anayemkaa binadamu. Ni kama limau dogo refu, lenye kizibo kila ncha. Mtoto wa mnyoo amelala ndani. Ukiliweka yai hilo kwenye joto la mwili, nyuzi 37, bila bakteria, linabaki kama lilivyo. Ongeza E. coli: bakteria wanakusanyika kwenye vile vizibo viwili, wanajishikiza kwa vinyweleo vyao, kizibo kinalegea na mnyoo anatoka. Watafiti wa Manchester walichapisha hayo mwaka 2010, na wakaonyesha kwamba panya aliyepunguziwa bakteria kwa dawa hupata minyoo wachache. Mlinzi ndiye aliyefungua lango.

Mwaka 2011 maabara ya Julie Pfeiffer huko Texas ikafuata na virusi vya polio. Panya waliopewa antibiotiki, ambao kwa mantiki ya Bohnhoff wangepaswa kuugua kirahisi zaidi, waliugua kidogo kuliko wenzao. Virusi hujishika kwenye molekuli za sukari na mafuta za ganda la bakteria na kupata uimara. Nyuma zaidi, mwaka 1955, ilionekana kwamba amiba wa kuhara damu hawakuwaletea ugonjwa simbilisi (guinea pig) waliolelewa bila kijidudu chochote. Waliokuwa na bakteria wa kawaida ndio waliougua. Kwa hiyo mkazi huyohuyo anamzuia Salmonella na kumsaidia mnyoo. Mtu akiniambia bakteria fulani ni mzuri, swali langu ni: mzuri dhidi ya nani?

Mfano mkali zaidi ni wa Alfred Nissle, daktari wa Kijerumani wa Freiburg. Mwaka 1917, vita vikiendelea, alichukua E. coli kutoka kinyesi cha askari ambaye hakuharisha pale wenzake walipoharisha damu. Bakteria huyo anauzwa hadi leo kama probiotiki. Baadaye ikagundulika kwamba anabeba jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayojeruhi vinasaba vya seli. Alama za majeraha ya kolibaktini zimeonekana katika saratani za utumbo mpana, na utafiti wa Aprili 2025 uliosoma saratani 981 kutoka nchi 11 ulizikuta mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70. Sisemi kwamba bakteria wa Nissle amemletea yeyote saratani; hilo halijathibitishwa, na ametumika kwa zaidi ya karne. Lakini shujaa wa 1917 sasa ana faili la mshukiwa.

Tatizo lingine la uwanja huu ni chanzo na matokeo. Januari 2025 Alexandre Almeida wa Cambridge na wenzake walichapisha uchambuzi wa sampuli zaidi ya 12,000 za kinyesi kutoka nchi 45. Walikuta aina 135 za bakteria zinazoonekana pale ambapo jamii ya E. coli na Klebsiella haipo, na maarufu kati yao ni Faecalibacterium. Vyombo vya habari viliruka moja kwa moja hadi kwenye ushauri wa vyakula. Uchambuzi wa aina hiyo unakuambia nani haonekani na nani. Haukuambii nani alimfukuza nani, au kama wote wawili walifukuzwa na kuwekwa na kitu cha tatu.

Kazi ya kipindupindu inaonyesha namna ya kulivuka pengo hilo, na ilichukua miaka. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Gordon, likiwa na Ansel Hsiao, lilifuatilia kinyesi cha wagonjwa wa kipindupindu Bangladesh na kuona kwamba bakteria aitwaye Blautia obeum huongezeka wakati wa kupona. Hapo ilikuwa uhusiano tu. Wakampanda kwenye panya, wakaona kweli anampunguza Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu. Mwaka 2020 Hsiao na wenzake wakaonyesha kwa vipi: B. obeum ana kimeng'enya kinachokata chumvi za nyongo ambazo Vibrio huzitumia kama ishara ya kuwasha jeni zake za ugonjwa. Ishara ikikatwa, Vibrio hajui kwamba amefika. Sasa tunajua nani, wapi na kwa njia gani, ingawa bado ni kwa panya.

Linabaki suala la antibiotiki, ambazo katika makala nyingi za namna hii hugeuzwa shetani. Jaribio la MORDOR la Niger, Malawi na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2018, liliwapa watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 59 azithromaisini mara mbili kwa mwaka, wawe wagonjwa wasiwe wagonjwa, na vifo vikapungua kwa asilimia 13.5. Bei yake ilikuwa kuongezeka kwa usugu, na hiyo ni bei ya kutisha. Hata hivyo anayesema kwamba kulinda bakteria wa utumbo kunashinda kila kitu, ana deni la kuwajibu wazazi wa watoto wale.

Na je, mtu aliyelazimika kuzinywa afanye nini baadaye? Katika utafiti wa Denmark wa 2018, wanaume 12 wenye afya walipewa antibiotiki tatu kali kwa siku nne. Utumbo ulirudi karibu na hali yake ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina tisa zilizokuwa za kawaida kwao wote hazikuonekana tena kwa wengi wao hata baada ya siku 180. Mwaka huohuo Eran Elinav na Eran Segal wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwapa watu 21 antibiotiki kwa wiki moja, kisha wakawagawa. Walioachwa wajirudie walichukua wiki chache. Waliopewa probiotiki ya aina 11 walichelewa kuliko walioachwa, na miezi baadaye bado hawajarudi kamili. Wageni walikuwa wamekalia vyumba vya wenyeji. Waliopona haraka, ndani ya siku chache, ni waliorudishiwa kinyesi chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa. Ni watu wachache, na kilichopimwa ni aina za bakteria, si nani aliharisha. Hata hivyo ushauri wa kumeza probiotiki baada ya kila dozi, ambao nami nimewahi kuufuata bila kuuliza, hauna pa kusimama penye nguvu kwa mtu ambaye hana hatari kubwa. Kwa wenye hatari kubwa ya C. difficile mapitio ya Cochrane ya 2017 yaliona faida. Jaribio kubwa la Uingereza la 2013, lenye wazee 2,941 waliolazwa, halikuiona.

Njia ya kurudishiwa cha kwako imeanza kujaribiwa kwa wanaoihitaji hasa. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa wa saratani wanaosubiri kupandikizwa uboho walihifadhiwa kinyesi chao kabla ya matibabu kuwafagia utumbo, na katika 25 wa kwanza walioripotiwa mwaka 2018, 14 waliorudishiwa walirejea kwenye utajiri wa aina waliokuwa nao mwanzo. Hakuna mchangiaji wa kumtilia shaka, hakuna aina mpya ya kuogopa. Ila hakuna kiwanda kitakachoikimbilia: mfuko ule ukitoka kwenye jokofu una mteja mmoja tu, naye ndiye aliyeuweka.